Ushuhuda ndani ya ibada: mwongozo kamili kwa mchungaji, mzee wa kanisa na anayetaka kusimama mbele

Jumapili moja ukizunguka makanisa ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, utakutana na ushuhuda kwa sura kadhaa. Kwenye sharika za Kilutheri familia inapita mbele na shukrani ya pekee, ndugu na marafiki wamewasindikiza, na baba au mama anaeleza kwa kifupi kilichowaleta. Kwa Wapentekoste mwongoza ibada anauliza, "Nani ametendewa wiki hii?" na mikono inanyanyuka. Kwa Wakatoliki misa ina utaratibu wake, hivyo mengi ya namna hii husikika kwenye jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya karismatiki. Halafu inakuja Desemba 31, usiku wa mkesha, na karibu kila kanisa la mjini linataka kusikia Mungu amefanya nini kwa mwaka mzima.

Nimekaa na watu wengi wanaojiandaa kushuhudia, na ninaamini kwa moyo wote kwamba ushuhuda una haki ya kuwa ibadani. Ninaamini pia kwamba shuhuda nyingi zinazoumiza watu zingeweza kurekebishwa siku tatu kabla, na mtu mmoja mwenye subira na kiti cha plastiki. Mwongozo huu unahusu hasa kazi hiyo ya kabla, pamoja na ile ya baada, ambayo makanisa mengi huisahau kabisa.

Hatua ya 1: Kubalianeni ushuhuda unafanya kazi gani

Kabla ya kugusa ratiba, baraza la wazee likae na Biblia. Someni Zaburi ya 66 yote kwa mara moja. Mistari 12 ya kwanza ni ya watu wote: nchi yote imshangilie Mungu, bahari iligeuka nchi kavu, taifa lilipita motoni na majini likatolewa. Kwenye mstari wa 13 sauti inabadilika, mtu mmoja anaingia nyumbani mwa Mungu kuondoa nadhiri zake, na kwenye mstari wa 16 anasema, "Njoni, sikieni, ninyi nyote mnaomcha Mungu, nami nitayatangaza aliyonitendea roho yangu." Habari ya mtu mmoja imekuja baada ya habari ya wote, na imeegemea hapo. Ushuhuda wa dada yetu wa Kimara una uzito kwa sababu Mungu anayemsema ni yule yule ambaye kanisa zima limekwisha kumkiri kwa nyimbo, masomo na imani. Ibada ambayo shuhuda zimemeza mahubiri na maombi imebaki na tawi bila shina.

Kisha someni habari tatu za Injili na mjiulize kila moja inadai nini. Mtu wa Gerasi aliyetolewa pepo alitaka kumfuata Yesu, akaambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao akawaambie (Marko 5:19). Maana yake ushuhuda huanza kwa wanaokujua, wanaoweza kuona kama umebadilika. Mwenye ukoma aliyetakaswa aliagizwa kwanza akajionyeshe kwa kuhani (Marko 1:44). Kwa hiyo Yesu mwenyewe hakuona aibu muujiza wake ukaguliwe. Na wale Wasamaria walioamini kwa maneno ya mwanamke wa kisimani walimwambia baadaye kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, maana wamemsikia Yesu wenyewe (Yohana 4:42). Ushuhuda mzuri humfikisha msikilizaji mahali ambapo hamhitaji tena msemaji.

Hapo pana vipimo vitatu: walio nyumbani wanakubali, ukaguzi unaruhusiwa, na msikilizaji anaondoka akimwangalia Kristo. Viandikeni kwenye muhtasari wa kikao, vitawasaidia mbele ya safari.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna urithi wetu katika jambo hili, na si mdogo. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, na katika miaka iliyofuata uamsho ukawaka Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshaingia Bukoba, na baadaye ukasambaa nchini ukiwa na ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao hata asiyejua Kiganda anauimba. Kwenye mikutano ya wanauamsho, kushuhudia kulikwenda pamoja na kutubu. Walisema wanatembea nuruni. Aliyeiba alirudisha, aliyekosana na nduguye alikwenda kupatana naye. Siku hizi hapa mjini tunasikia zaidi viza, kiwanja, cheo na gari. Namshukuru Mungu kwa hayo yote, lakini natamani sana tusikie tena mtu akisema, "Nilimdhulumu mpangaji wangu, nimemrudishia kodi yake."

Hatua ya 2: Amueni mahali na dakika

Kanisa lenye ibada mbili au tatu za asubuhi halina muda wa kuchezea. Ibada ya kwanza ikipitiliza muda wake kwa dakika 20, watu wa ibada ya pili wanasimama nje juani na watoto, na magari hayana pa kuegesha. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nashauri ushuhuda mmoja, wa dakika 3, zisizidi 4. Katikati ya wiki, kwenye maombi ya jioni, mnaweza kuwa na watu wanne au watano wa dakika mbili mbili. Huko ndiko nyumbani kwa ushuhuda: watu ni wachache, wanafahamiana, hakuna kamera, na mtu anaweza kulia bila kutazamwa na mia tano.

Ndani ya ibada ya Jumapili mimi napendelea ushuhuda uwe baada ya mahubiri, kabla ya maombi ya jumla. Neno limekwisha kusemwa, mtu mmoja anaeleza lilivyomgusa maishani, kisha wote wanaomba. Makanisa mengi huuweka kati ya sifa na mahubiri. Si vibaya, ila hapo mtu anapokea kanisa lililochangamka, na kishawishi cha kuongeza chumvi ni kikubwa.

Ndugu zetu Wakatoliki wana mpaka ulio wazi. Maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2004 yanasema ni bora zaidi ushuhuda wa mlei utolewe nje ya misa. Ikiwa ipo sababu nzito, unaweza kutolewa baada ya sala ya baada ya komunyo, lakini usichukue nafasi ya homilia, yaani mahubiri ya padri. Hata asiye Mkatoliki anaweza kujifunza hapo: mwenye ushuhuda si mhubiri wa siku hiyo.

Kuna jambo la shukrani ya pekee ambalo naomba wazee walipime kwa uzito. Pale ambapo kila anayepita mbele ana bahasha mkononi, asiye na bahasha hapiti. Mama muuza vitumbua aliyepona homa ya mapafu ana la kumwambia Mungu sawasawa na mkurugenzi aliyepandishwa cheo, ila yeye atakaa kimya mwaka mzima kwa kuona haya. Tangazeni waziwazi, na zaidi ya mara moja, kwamba mtu anaweza kuja kushukuru mikono mitupu. Kisha mzee wa kanisa anayeheshimiwa awe wa kwanza kufanya hivyo. Tangazo peke yake halitoshi, watu watafuata wanachokiona.

Kwa mkesha wa mwaka mpya, orodha ya watakaoshuhudia iwe imekamilika siku kadhaa kabla. Usiku ule watu wamechangamka, na kila anayemwona mwenzake anashangiliwa atataka naye asimame.

Hatua ya 3: Wekeni wasikilizaji

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, waliokomaa na wasiobeba maneno ya watu. Kama kanisani yupo nesi, mfamasia au daktari mwenye roho ya utulivu, awe karibu nao kwa maswali ya afya. Kazi yao ni kukaa na kila anayetaka kushuhudia Jumapili angalau siku tatu kabla. Jina na siku vinaweza kuandikwa kwenye daftari. Siri za mtu zisiandikwe.

Watakuwepo watakaolalamika kwamba mnamzima Roho. Wasomeeni 1 Wathesalonike 5:19 hadi 21 bila kukatisha. Mtume anasema msimzimishe Roho, na papo hapo anasema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Amri zote mbili zilitoka kwenye kalamu moja, kwa kanisa moja.

Hatua ya 4: Msikilize mtu mpaka mwisho

Hapa ndipo kazi ilipo. Mketi mahali pa wazi lakini pasipo na wapita njia. Anza kwa maombi mafupi, kisha mwache aseme yote kwa mpangilio wake, hata kama anarukaruka. Usimsahihishe. Mtu aliyepitia shida kubwa huhitaji kuimaliza mara moja mbele ya sikio moja kabla hajaweza kuipunguza kuwa dakika tatu. Wengine wakishamaliza kusema na kulia, wanagundua kwamba walichotaka ni kusikilizwa tu, na hawana haja tena ya kusimama mbele. Hilo nalo ni jema, usimsukume.

Akimaliza, muulize polepole. Ilitokea lini, na wapi? Nani mwingine anajua? Nyumbani kwako wanasemaje kuhusu jambo hili? Ungeyasema haya haya mbele ya jirani mnayechota naye maji? Swali hili la jirani lina nguvu kuliko kiapo, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi, na watu wa nyumba moja ya kupanga wanajuana mpaka sufuria.

Halafu muulize swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: sasa hivi unaendeleaje? Mtu aliyeacha pombe juzi hahitaji jukwaa, anahitaji wenzake wa kumshika mkono jioni saa kumi na mbili, wakati baa ya mtaani inawasha muziki. Mwambie kwa upendo kwamba kanisa linataka kumsikia, na litamsikia akiwa amesimama muda wa kutosha. Mimi ningengoja miezi kadhaa. Wakati anangoja, mkutanisheni na aliyetangulia katika njia hiyo.

Muulize pia ni nani wametajwa ndani ya habari yake. Mume? Mkwe? Bosi? Binti wa darasa la saba? Kila anayetajwa kwa namna inayomtambulisha aombwe ruhusa, na akikataa, sehemu hiyo iondoke. Nimewaona wanawake wakisimulia ulevi wa waume zao huku mume amekaa benchi la nne akitazama viatu vyake. Hata kama sasa ameacha, siku ile alikuwa anavuliwa nguo mbele ya wakwe na watoto wake. Ushuhuda wa ndoa utolewe na wawili waliokubaliana kila neno, au usitolewe.

Hatua ya 5: Mambo matano yanayohitaji uangalifu wa pekee

Uponyaji ndio unaotangulia. Mungu anaponya, na anaponya pia kupitia Muhimbili, Ocean Road na zahanati ya mtaa. Msikilizaji amuulize mtu: umepima tena? Daktari amesemaje? Unaendelea na dawa? Kama hajapima, aseme kile anachokijua kweli: "Maumivu yametulia, nalala usiku, narudi kliniki mwezi ujao." Yule kipofu wa Yohana 9 alipobanwa na wakubwa hakudai kujua asiyoyajua. Alisema analijua neno moja, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona.

Kwenye VVU hapana nafasi ya makosa. Mtu anayetumia ARV vizuri anaweza kupimwa wingi wa virusi na kuambiwa havionekani. Hiyo ni habari njema sana, lakini maana yake dawa inafanya kazi. Virusi bado vimo mwilini, na akiacha dawa vinaongezeka tena. Akisimama akasema "nimepona, kipimo hakioni kitu," kuna mtu benchi la nyuma atakayetupa vidonge vyake jioni hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu na kifafa. Kanuni yangu haina mlango wa nyuma: hakuna ushuhuda unaosema au kudokeza kwamba mtu aache dawa. Na mtu asishinikizwe kutaja hali yake ya VVU. Ni siri yake, na sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda.

La pili ni fedha. "Nilitoa laki moja, wiki hiyo hiyo nikapata milioni tano." Mtu aliyekaa benchini na kodi ya nyumba ya miezi mitatu haijalipwa anasikia hesabu. Wapo wanaokwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili nao wapande mbegu, kisha wanakuja kunyang'anywa friji na makochi. Kiasi cha sadaka kisitajwe kamwe kwenye ushuhuda. Aseme Mungu alivyomtunza, aseme na kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na aliyemsaidia.

La tatu ni uchawi. Mtu akisema shangazi yake au mama wa nyumba ya jirani ndiye aliyemroga, amemtia mtu huyo hatarini, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Juu ya hayo yote ipo amri ya Mungu inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Anaweza kusema alikuwa na hofu kubwa, alizunguka kwa waganga, na Kristo amemweka huru. Asimtaje mtu, wala asitoe alama zinazomfanya atambulike.

La nne ni maovu ya kale. Aliyekuwa jambazi, aliyezini, aliyetumia dawa za kulevya: aeleze kwa sentensi moja alikotoka, kisha muda uliobaki auweke kwenye neema. Shuhuda nyingine zinakaa gizani dakika kumi na nuruni nusu dakika, na vijana wanatoka wakisimuliana lile giza.

La tano halimo kabisa katika ushuhuda. Ukisikia kwenye mazungumzo kwamba mtoto anaumizwa au ameumizwa, mazungumzo ya ushuhuda yanaishia hapo. Mtoto apelekwe mahali salama, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au ipigwe simu ya bure ya mtoto, 116. Mwenye kosa hawezi kulimaliza kwa kuungama kwenye maiki, na mchungaji asimkubalie kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Andikeni

Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, tangu karne ya 18 walikuwa na desturi ya kuandika safari ya maisha yao ya imani, ikasomwa siku ya mazishi yao. Sisi tunasoma historia fupi ya marehemu kwenye kila msiba, kwa hiyo kuandika maisha ya mtu kwenye karatasi si jambo geni kwetu. Tusingoje msiba. Ukurasa mmoja wa daftari, kwa mkono, unatosha dakika tatu.

Ujengeni hivi: nilikuwa wapi, nini kilitokea, Mungu alionekana wapi, sasa nikoje, naomba nini. Neno moja la Biblia linatosha. Mambo ya kuondoa ni maneno ya kujisafishia njia ("nina mengi ila muda hautoshi," "sikupanga kusimama"), habari za shetani, na lile "Bwana Yesu asifiwe" linalorudiwa kila baada ya sentensi ili kanisa liitikie. Mara moja mwanzoni ni salamu na ni ukiri, nayo inapendeza.

Tuseme mama mmoja wa Mbagala amekuja na haya: "Shetani alitaka kuniulia mwanangu. Madaktari walishindwa kabisa. Adui zangu walishaanza kucheka. Lakini Mungu akasema hapana! Wote wanaonisema vibaya waaibike!" Baada ya kukaa naye saa moja, ukurasa wake unaweza kusomeka hivi:

"Bwana Yesu asifiwe. Mwezi wa tatu mwanangu wa miaka minne alishikwa na degedege saa saba usiku. Baba yake alikuwa safarini. Jirani yangu, ambaye ni Mwislamu, alinipa hela ya bodaboda na akabaki na wadogo zake. Hospitalini walimchukua mara moja, mimi nikabaki kwenye benchi. Nilitaka kuomba nikashindwa. Nilisema tu, Bwana, mwanangu. Alilazwa siku tano. Walisema ni malaria kali, wakamtibu, na sasa amerudi kucheza na wenzake. Zaburi ya 34 inasema, maskini huyu aliita, Bwana akasikia. Mimi niliita maneno mawili tu. Namshukuru Mungu, nawashukuru manesi wa usiku ule, namshukuru jirani yangu. Nawaombea wote ambao usiku wa leo wako kwenye benchi la hospitali, na naomba mniombee nipate chandarua cha kila kitanda."

Angalia kilichobadilika. Adui wametoka, jirani ameingia. Madaktari walioshindwa wamekuwa manesi wanaoshukuriwa, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Na ule udhaifu wa kushindwa kuomba, ambao mwanzoni aliuficha kwa kuona si wa kiroho, ndio utakaomfikia mtu mwingine kanisani ambaye naye wiki hii ameshindwa kuomba.

Asiyejua kuandika asiachwe. Msikilizaji amsikie mara mbili, wakubaliane vituo vitatu, na mama atavishika kichwani kuliko sisi tunavyoshika karatasi zetu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mwongoza ibada amtambulishe kwa jina alilokubali litajwe, akae hatua mbili kutoka kwake, na akiona ameishiwa nguvu amshike bega. Maiki ibaki kwenye stendi yake, mwenye kutetemeka hapaswi kuhangaika nayo. Kinanda kinyamaze. Muziki wa chini chini wakati mtu anasimulia jeraha lake unawaambia watu walie wapi, na hiyo si kazi ya mpiga kinanda. Akizidisha muda, mwongoza ibada amsogelee na kuanzisha pambio taratibu. Watu wa Dar wanajua maana yake na hakuna anayeaibika. Akimaliza, mchungaji aombe kwa sentensi chache. Asiufafanue ushuhuda wala kuuhubiri upya.

Hatua ya 8: Kamera

Siku hizi ibada nyingi hurushwa mubashara, kisha vipande vinakatwa na kusambazwa WhatsApp. Ruhusa ya kusema mbele ya kanisa ni moja, ya kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni ni nyingine, na ziombwe tofauti, kwa maandishi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya na imani za mtu zinahitaji ulinzi wa pekee, na kanisa haliko juu ya sheria. Asiyetaka kurekodiwa, fundi mitambo azime matangazo mpaka amalize. Watoto chini ya miaka 18 mimi nasema wasirekodiwe kabisa wakishuhudia, hata mzazi akiwa amekubali kwa furaha. Binti wa miaka 12 anayeeleza alivyotolewa mapepo atakuja kuomba kazi akiwa na miaka 24, na ile video itakuwepo.

Hatua ya 9: Wanaongoja nao wasemeshwe

Kila ushuhuda wa mtoto aliyezaliwa unasikilizwa na mwanamke aliyengoja miaka kumi. Kila ushuhuda wa kupona unasikilizwa na mjane. Ndiyo maana sentensi kama "Mungu akikupenda hakuachi hivyo" au "ukiwa na imani lazima upate" ziondolewe kwenye ukurasa bila mjadala. Zinamgeuza aliyengoja kuwa mshtakiwa.

Nendeni mbali zaidi ya kuondoa. Mara moja kwa mwezi mwiteni mtu ambaye jibu lake halijaja. Baba anayesafisha damu mara tatu kwa wiki na bado anaimba kwaya. Kijana wa chuo aliyetafuta kazi miaka mitatu. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata kama si hivyo, hawataiabudu sanamu (Danieli 3:17-18). Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akapewa neno la neema badala yake (2 Wakorintho 12:8-9). Hayo nayo ni maandiko ya ushuhuda, na kanisa linaloyasikia kwa vinywa vya watu wake lenyewe litajua la kufanya siku mambo yanapokwenda vibaya.

Watu hawa msiwalazimishe kumalizia kwa ushindi. Mtu akisema, "Bado naumwa, bado naamini, niombeeni," amemaliza. Kanisa lijibu kwa kuomba, na mkiweza mfikeni nyumbani katika juma hilo.

Hatua ya 10: Baada ya wiki, na baada ya miezi

Ndani ya juma moja msikilizaji ampigie simu. Wengi hujisikia wamevuliwa nguo siku inayofuata, hasa waliosema mambo ya ndani. Muulize alilalaje, watu wamemwambia nini, kama kuna aliyemkejeli mtaani. Baada ya miezi mitatu mtembeleeni tena.

Kwenye ziara hiyo mtakutana wakati mwingine na jambo zito: saratani imerudi, kijana ameanza tena kunywa, mume ameondoka. Mtu huyu huacha kuja ibadani mapema kuliko mnavyodhani, kwa sababu anafikiri amemwaibisha Mungu. Ndiyo maana neno hili lisemwe mapema, kwenye kile kikao cha Hatua ya 4, kabla hajasimama: "Hali ikibadilika, urudi utuambie. Tutakaa na wewe vile vile." Likisemwa wakati ule, siku ile mbaya atakuwa na mlango wa kurudia.

Akirudi, hakuna haja ya kumpandisha mbele kusahihisha kitu. Alichokisema kilikuwa kweli siku aliyokisema, na Mungu aliyemshukuru bado ni Mungu wake. Wasikilizaji wawili wamfuate, wakae naye, waombe. Kama alitaja ugonjwa na watu wanaendelea kumpongeza kwa kupona, mchungaji amwulize kama angependa kanisa liambiwe limwombee, na maneno ya tangazo hilo ayachague yeye.

Kama video yake ipo mtandaoni na anataka iondolewe, iondoeni siku hiyo hiyo.